Dakika Tano za Petroli

Majirani wa Sosiot walikuwa wakisema Lazarus Sigei ana wake wawili. Wa kwanza ni Elmina, aliyemwoa kanisani kwa pete na keki. Wa pili ni jenereta. Na walisema, wakicheka hadi machozi, kwamba mvua ikinyesha ni huyu wa pili anayefunikwa blanketi.

Elmina alicheka pamoja nao. Afanye nini, na blanketi lenyewe lilikuwa lake?

Ulikuwa mwisho wa mwaka wa tisini na tisa, na stima ilikuwa ikikatika kila asubuhi saa kumi na mbili kamili, kama mtu anayeogopa kuchelewa kazini. Redio ilieleza kwamba mabwawa yamekauka, kila sehemu itapata mgao wake, wananchi wawe na subira. Watu wa Sosiot waliisikiliza redio hiyo chini ya mabati yaliyokuwa yakipigwa na mvua, maana huku kwenye majani chai mvua ilikuja saa tisa za mchana kama mgeni aliyezoea chai ya bure. Wakaulizana hayo mabwawa yamechimbwa wapi. Stima ilirudi jioni, ikipenda.

Lazarus hakuingoja. Stima ikikatika tu, alikuwa tayari kwenye kibanda cha mabati nyuma ya jikoni, mikono ya shati imekunjwa. Alichomoa kijiti cha oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena na kukitazama kama daktari anayesoma homa. Akafungua koki upande wa petroli. Akavuta choki. Akavuta kamba mara moja, mara ya pili, na mashine ikaamka kwa sauti kali, nyembamba, ya mwanamke aliyeibiwa kuku. Akaiacha ipate moto. Ndipo akageuza koki upande wa mafuta ya taa, na ile sauti ikateremka, ikawa nzito, ya kukwaruza, ya mzee mwenye mafua.

Hiyo ndiyo ilikuwa raha ya ile mashine: ilikunywa vinywaji viwili. Petroli ilikuwa ghali, ya kuamshia tu. Mafuta ya taa yalikuwa ya bei ya maskini, na hayo ndiyo iliyokunywa siku nzima. Lazarus aliinunua kwa mzungu mmoja wa misheni aliyekuwa akirudi kwao, kwa zile pesa alizopewa siku kiwanda cha majani chai kilipompunguza kazi. Miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa mitambo mle kiwandani. Barua ya kumpunguza ilikuwa na mistari minne, na mmoja ulikuwa wa kumtakia heri.

Juu ya mashine alipigilia kipande cha mbao, akakiandika kwa rangi nyekundu:

1. ANGALIA OILI.
2. ANZA NA PETROLI. IKIPATA MOTO, MAFUTA YA TAA.
3. KABLA YA KUZIMA, RUDISHA PETROLI, DAKIKA TANO.
4. USIGUSE.

Ya nne ilikuwa ya Elmina.

Lakini ya tatu ndiyo aliyoihubiri. Mtu akija kuazima nyundo, angerudi nayo pamoja na somo la tatu. "Ukiizima ikiwa kwa mafuta ya taa," angesema, kidole juu, "hayo mafuta yanabaki ndani ya kabureta. Ikipoa, haitashika. Utavuta hiyo kamba mpaka Yesu arudi. Lazima uioshe koo na petroli. Dakika tano! Si tatu, si nne." Na jioni alisimama pale na saa yake mkononi, akihesabu, huku mashine ikilia ile sauti yake kali. Elmina alizoea kuinjika chai sauti ikipanda, na maji yalipoanza kuimba mashine ilikuwa inazimwa.

Kazi ya mashine ilikuwa moja. Ndani ya chumba cha watoto, waliokuwa shule za bweni, palikuwa na sanduku kubwa la mbao alilolitengeneza Lazarus mwenyewe, lenye balbu nne, karai la maji na kipimajoto. Ndani yake yalilala mayai mia mbili na kumi. Wanawake kumi na wanne wa kikundi cha kanisa walileta kila mmoja kumi na tano, ya kuku wa gredi, yaliyonunuliwa Kericho kwa bonasi ya majani, malipo yanayokuja mara moja kwa mwaka. Kila yai lilikuwa na herufi ya mwenyewe kwa penseli. Ilikuwa bonasi yote, si kipande chake. Ndiyo kusema hakukuwa na mabati mapya mwaka huo, wala sweta ya shule, wala godoro. Walikuwa wamekubali kwa sababu Elmina alisimama uwanjani pa kanisa akawaambia: "Nipeni siku ishirini na moja. Wasipotoka, mniite jina lolote mnalotaka."

Siku ya ishirini na moja ilikuwa inaangukia Jumapili.

*

Alhamisi kabla yake, pick-up ilisimama langoni. Akashuka Kipngetich, naibu wa chief, na koti lake la kaki lenye vifungo vya kung'aa. Nyuma yake alishuka Nganga, mfanyabiashara wa Litein aliyekodisha spika za mikutano. Mtu mnene, mcheshi, asiyependa kusimama ikiwa kuna kiti.

"Chamgei, mama Kipruto," akasema Kipngetich.

"Chamgei mising. Karibuni chai."

Wakaketi. Kipngetich akanywa kikombe cha kwanza chote bila kutaja kilichomleta, na Elmina akajua kwamba ni kitu kikubwa.

"Mzee Lazarus," akaanza kwenye kikombe cha pili, "Jumamosi tuko na harambee pale uwanja wa shule. Ya kuleta stima kwa dispensari."

"Stima gani?" akauliza Elmina. "Hii haiko?"

"Mama, hii itarudi. Ikirudi, ikute waya iko tayari."

Nganga akacheka ndani ya kikombe chake.

"Sasa," akaendelea Kipngetich bila kumtazama, "mgeni wetu wa heshima ni mwenyekiti wa bodi. Bodi ya hivi viwanda. Na mtu kama huyo hawezi kuongea na mdomo tu kama mtu anauza kabeji. Nganga ako na spika. Lakini spika bila moto ni nini? Ni sanduku."

Lazarus aliweka kikombe chini polepole. Elmina alimwona akiweka, na moyo wake ukaenda nacho.

"Jumamosi ni siku ya ishirini," akasema haraka. "Kipngetich, vifaranga watakuwa wanagonga maganda. Hiyo siku hata mlango wa sanduku hatufungui ovyo."

"Ni masaa mawili tu, mama."

"Masaa mawili ya saa, ama ya serikali?"

"Wewe mama uko na mdomo!" Kipngetich akacheka, lakini kicheko kikaisha kabla hakijafika machoni. "Mzee, si unakumbuka ni mimi nilikuandikia barua ndio hii laini ya stima ikafika kwako? Wengine bado wanangoja. Sitaki nisikie watu wakisema nyumba ya Lazarus haishirikiani na wengine."

Kuku mmoja wa kienyeji aliingia, akatazama, akatoka.

"Nitaenda nayo mwenyewe," akasema Lazarus. "Hakuna mtu mwingine ataigusa."

"Na nani ataguza bibi ya mtu?" akasema Nganga, na wanaume wote watatu wakacheka.

Walipoondoka, Elmina alikusanya vikombe. Lazarus alikuwa amesimama mbele ya kabati, akivuta kutoka chini ya Biblia ile bahasha ambayo mkewe aliijua vizuri: barua ya kuomba kazi, imechapwa kwa mashine na karani wa sokoni, tangu Machi, haijampata wa kupelekewa.

"Baba Kipruto, unapeleka jenereta ama unapeleka barua?"

"Si vyote vinaenda na pick-up moja?" akasema, naye akatabasamu kama kijana. Ilikuwa muda mrefu hajatabasamu hivyo. Hilo ndilo lililomfunga Elmina mdomo, si Kipngetich.

*

Jumamosi asubuhi Lazarus alivaa suti ya harusi. Ilikuwa imembana kwapani, lakini ilikuwa suti. Mashine ilipakiwa ikiwa imefungwa blanketi. Aliporudi kuchukua sanduku lake la spana, Kipngetich alimzuia kwa mkono.

"Mzee, unaenda kwa mwenyekiti na sanduku la grisi? Utachafua watu. Kwani mashine ni mgonjwa?"

"Sio mgonjwa. Lakini fundi bila..."

"Basi wacha hapo. Leo wewe si fundi. Leo wewe ni mshiriki wa maendeleo."

Lazarus aliliweka sanduku juu ya kigoda. Elmina alilitazama likibaki pale, na pick-up ikaondoka. Saa zilikuwa mbili za asubuhi, na kipimajoto kilisema thelathini na saba na nusu.

Yale masaa mawili yaliisha saa nne bila mgeni kufika. Uwanja wa shule ulikuwa ng'ambo ya shamba la majani, bonde dogo tu katikati, na upepo ulimletea Elmina kila kitu. "Halo, halo. Moja, mbili. Halo." Kwaya ikaimba. Kwaya ikaimba tena wimbo uleule. Mtu akaomba wazazi wasikae kwenye viti vya wageni. Na chini ya hayo yote, ile sauti nzito ya kukwaruza, ya mafuta ya taa, ikiendelea bila kuchoka.

Elmina alichemsha maji. Akayatia kwenye madumu ya plastiki, akayazungushia nguo, akayapanga ndani ya sanduku kati ya trei. Kila alipofungua mlango kubadilisha, baridi ya Sosiot iliingia kabla ya mkono wake. Thelathini na sita. Thelathini na tano. Aliinamisha sikio. Ndani ya mayai vifaranga walikuwa wakilia: sauti ndogo, iliyozibwa, kama watu wanaoongea chumba cha pili. Moja, lenye herufi M ya Mokeira, mmoja wa wanawake wa kikundi, lilikuwa na ufa, na ndani ya ufa mdomo wa manjano.

"Ngojeni," aliwaambia. "Ngojeni kidogo. Baba yenu ako kwa mkutano."

Mgeni alifika saa nane. Elmina alijua kwa vigelegele. Kisha akasikia sauti ya Kipngetich ikimsifu, kisha sauti nyingine, nene, ya mtu aliyeshiba, ikisema: "Wananchi hoyee!" Mara ikakohoa, ikasema neno moja au mawili yasiyosikika vizuri. Na hapohapo mashine ikanyamaza.

Alikuwa ameshika dumu la maji moto. Alisimama nalo vilevile.

Alingoja sauti kali. Labda upepo ulikuwa umegeuka. Labda walikuwa wanairudisha petroli sasa, ile sauti ya mwanamke aliyeibiwa kuku ingepanda, na angehesabu dakika tano. Lakini haikupanda. Mashine ilikuwa imezimwa ikiwa na sauti ya mzee, katikati ya neno, kama mtu anayezibwa mdomo. Ng'ambo ya majani watu walikuwa wakipiga makofi, na katika Sosiot yote, mtu mmoja tu asiye kwenye mkutano alikuwa amejua kilichotokea, naye ni yule aliyeandikiwa USIGUSE.

Baadaye kulipanda kicheko kikubwa, cha watu wote kwa pamoja. Baada ya kicheko, mvua.

*

Lazarus alirudi kwa miguu saa kumi na moja, suti imemshika mwilini kama ngozi. Hakuwa na mashine. Hakuwa hata na blanketi.

"Iko wapi?" Elmina akauliza.

"Imefungiwa kwa ofisi ya chief. Sababu ya mvua."

"Ufunguo?"

"Ako nao Kipngetich."

"Na Kipngetich?"

"Ameenda Kericho. Na mwenyekiti. Kula."

Elmina alimkabidhi kitambaa ajipanguse. Hakuwa amemaliza. "Nani aliizima?"

Lazarus alijifuta uso, akajifuta tena, akakaa ndani ya kitambaa muda mrefu kuliko maji yaliyokuwa usoni. "Vijana," akasema kutoka mle ndani. "Walianza kushikashika. Kijana wa Janeffer wa kikundi chenu akavuta kamba ikakatika. Springi ikaruka nje. Unajua vijana."

"Najua," akasema Elmina.

Saa kumi na mbili stima haikurudi. Upepo ulikuwa umeangusha nguzo mahali fulani kuelekea Litein. Walichemsha maji hadi makaa yakaisha, wakachemsha kwa kuni mbichi hadi jikoni kukawa hakuonekani mtu. Hawakuongea ila namba. Thelathini na moja. Ishirini na nane. Lazarus alienda ofisi ya chief mara mbili kutazama kufuli, kana kwamba kufuli lingemhurumia. Kulipokucha, mdomo wa manjano ulikuwa bado umetokeza kwenye ufa wa yai la Mokeira, lakini haukuwa ukisogea.

*

Jumapili asubuhi Lazarus alitoka tena kumtafuta Kipngetich. Walipishana na Nganga, aliyekuja kwa barabara ya juu na mashine nyuma ya pick-up yake. Nganga alikuwa amemkuta Kipngetich sokoni, akiwa bado ananuka nyama choma, akamnyang'anya ufunguo.

"Mama Kipruto, nimekuletea mke mwenzako," akasema, akiiteremsha. "Lakini hajisikii vizuri."

Elmina alitazama koki. Ilikuwa bado imeelekea mafuta ya taa.

"Nganga, kaa. Niambie vile ilikuwa."

Nganga hakuhitaji kuambiwa mara mbili, wala hakujua kwamba Elmina alikuwa ameambiwa hadithi nyingine. "Wacha nikuambie! Huyo mwenyekiti anasimama, anashika mike yangu, kelele ya mashine inamsumbua. Anasema: zimeni hiyo kitu, mimi ni mtoto wenu, sihitaji spika kuongea na mama yangu. Watu, makofi! Na mzee wako, maskini, amesimama kando ya mashine na bahasha kwa mkono tangu asubuhi. Anaangalia koki, anaangalia mwenyekiti. Mwenyekiti anamwambia: wewe, fundi, husikii? Na yeye, pap! Akazima."

"Yeye mwenyewe?"

"Nani mwingine? Alikuwa hatuachi hata tuikaribie." Nganga akavuta pumzi. "Sasa dakika kumi hivi, mvua inaanza kunusa, mwenyekiti koo imekauka, anataka mike yake. Mzee anavuta. Anavuta. Nakuambia amevuta mpaka suti ikapasuka hapa kwa kwapa. Anasema nipeni spana nifungue kabureta, dakika kumi tu. Spana hakuna. Vijana wakakuja kusaidia, Kipkurui wa Janeffer akavuta na nguvu za ng'ombe, kamba ikakatika. Na unajua mwenyekiti alisema nini?"

"Sijui."

"Alisema..." Nganga alianza kucheka, kisha akaona uso wa Elmina, na kicheko kikamkwama njiani. "Alisema, kumbe hata mashine za huku zimepunguzwa kazi."

Elmina alikumbuka kile kicheko cha watu wote kwa pamoja.

"Na bahasha?"

"Aah. Hiyo sikuona tena." Nganga akageuka kutafuta ufunguo wa gari ambao ulikuwa mkononi mwake. "Mama, mimi spika zangu pia zilinyeshewa," akasema, kama mtu anayeomba msamaha.

*

Wanawake walikuja moja kwa moja kutoka kanisani, na vitambaa vyao vyeupe vichwani, wakiimba. Mwenyekiti wao Janeffer, mwanamke mrefu asiyejua kunong'ona, alikuwa ameshika kikapu kilichotandikwa majani makavu. Mokeira, aliyeolewa huku kutoka Kisii, alikuwa amekuja na mahindi yaliyosagwa kabisa ya kuwalisha vifaranga.

Wimbo uliishia mlangoni. Sanduku lilikuwa wazi. Vifaranga tisa walikuwa kwenye katoni kando ya jiko, wamelundikana, wakitetemeka. Mayai mengine yalikuwa kwenye trei, yametulia, kila moja na herufi yake.

"Mengine yako wapi?" akauliza Mokeira, ingawa alikuwa akiyatazama.

Janeffer alichukua moja lenye herufi J, akaligonga ukingoni mwa sanduku, akalimenya kama la kuchemsha. Ndani alikuwemo kifaranga mzima, manyoya yote, kucha zote, amejikunja, kichwa chini ya bawa. Alikuwa amebakiza kuvunja ganda tu. Janeffer akamlaza mezani. Akachukua la pili. Wengine nao wakaja, kila mmoja akatafuta herufi yake, na kwa muda chumbani hamkusikika chochote ila maganda. Mwanamke hakumenyea mwenzake. Elmina alisimama ukutani na mikono mitupu, akiwangoja wampe lile jina alilowaruhusu kuchagua.

Hawakumpa. Hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nani alifanya hii?" hatimaye akauliza Janeffer.

Lazarus alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, viatu mkononi kwa ajili ya tope. "Ni vijana," akasema. "Pale kwa mkutano. Waliharibu mashine."

"Vijana gani?"

Lazarus alihamisha viatu kwenye mkono wa pili.

"Baba Kipruto, nakuuliza. Mimi nilisikia kijana yangu ndiye alikata kamba. Ni Kipkurui?"

"Alivuta na nguvu sana," akasema Lazarus, akiitazama sakafu.

Janeffer akafunga kitambaa chake upya, taratibu. Alikuwa mjane, na Kipkurui ndiye aliyekuwa akimchumia majani. "Sawa. Ako na ndama mmoja tu huyo kijana, alipewa na mjomba wake. Kesho tutauza, wenye mayai wagawane. Na yeye nitamtandika mbele yenu hapa, mtu mzima vile alivyo. Sitaki kikundi kiseme Janeffer alificha mtoto."

Lazarus alifungua mdomo. Elmina alimtazama, akampa nafasi. Alimpa muda wa kutosha kabisa, kama mtu anayehesabu kwa saa. Mdomo ukajifunga.

"Usiguse huyo kijana," akasema Elmina.

Wote wakageuka.

Alitoka nje, akapita jikoni, wakamsikia akitikisa kitu kibandani hadi misumari ikalia. Akarudi na ile mbao, akamwekea mumewe mikononi, juu ya viatu.

"Wasomee ya tatu."

"Elmina."

"Wewe ndiye mwalimu. Kila mtu hapa ulishamfundisha. Wasomee."

Alisoma. "Kabla ya kuzima, rudisha petroli. Dakika tano."

"Jana nilikuwa hapa," akasema Elmina, "nikiwawekea vifaranga maji ya moto. Nilisikia ikizimwa. Ilizimwa na mafuta ya taa kwa koo. Kamba ilikatika kwa sababu haikushika. Haikushika kwa sababu ilizimwa vibaya. Sasa waambie, hapo kwa koki alikuwa amesimama nani?"

Nje mtu alipita na ng'ombe. Kengele ikalia hadi ikapotea.

"Mimi," akasema Lazarus.

"Wewe!" Mokeira akashangaa, kwa dhati kabisa. "Wewe si ndio unajua?"

"Yule mgeni aliniambia zima."

"Si ungemwambia angoje?" akasema Mokeira. "Dakika tano tu. Hata mtoto akisema ngoja nimalize, si anangojewa?"

Lazarus alitazama mbao. Kulikuwa na majibu mengi: barua, na miaka kumi na tisa, na suti, na kiti cha ngozi alichokuwa amekalia yule mwenyekiti wa bodi. Kila moja lilipofika mdomoni lilikuwa limekuwa dogo.

"Sikuweza," akasema.

Janeffer alitingisha kichwa, si kwa hasira. Alikuwa amechoka, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye ndama wa mwanawe amenusurika kwa aibu ya mtu mwingine. "Kumbe ni woga tu," akasema. "Na mimi nilidhani ni mashine imeharibika."

Wakakusanya maganda kwenye kikapu kilichokuwa cha vifaranga. Ilipofika kwa wale tisa walio hai, Elmina aliinama kuisogeza katoni karibu na jiko, lakini Mokeira alikuwa ameshaibeba.

"Nitakaa nao kwangu," akasema kwa upole. "Kwangu hakuna stima, hakuna jenereta. Kuna moto wa kuni tu, na huo hauzimwi na mtu."

Walitoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeimba. Wa mwisho alifunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka kwenye nyumba yenye msiba.

Mume na mke walibaki na sanduku. Lazarus aliiegemeza mbao ukutani, maandishi yakitazama ukuta. Akaanza kuvaa viatu, ingawa hakuwa na mahali pa kwenda.

Ndipo kelele zikapanda kutoka sokoni, zikaja nyumba kwa nyumba, watoto wakipiga mayowe kama kawaida yao: "Imerudi! Imerudi!" Redio ya jirani ikaanza kuimba katikati ya wimbo. Na ndani ya sanduku zile balbu nne zikawaka zote kwa pamoja, zikaanza kuzipasha moto trei tupu. Sindano ya kipimajoto ikatingishika, ikaanza kupanda.

Lazarus alinyanyuka, akaunyoosha mkono kwenye swichi.

"Wacha," akasema Elmina.

"Si hakuna kitu ndani? Tunachoma stima bure."

"Nimesema wacha." Akavuta kigoda, akaliteremsha sanduku la spana chini, akaketi akiukabili ule mwanga, mikono juu ya magoti. "Utazima. Lakini hesabu dakika tano kwanza."

Naye akasimama pale, kidole juu ya swichi, akiitazama saa yake.